Michezo ya kale ya video na hukumu inayobadilika

Desemba 21, 2023, kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 13 alicheza Tetris katika mashine ya Nintendo kwa takribani dakika 38, hadi mchezo wenyewe ukaganda kwenye kioo na kushindwa kuendelea. Toleo hilo la Tetris liliingia sokoni mwaka 1989. Katika miaka 34 iliyopita hapakuwa na binadamu aliyerekodiwa akiufikisha mahali hapo. Kwa muda mrefu wachezaji waliamini kuwa hatua ya 29 ndiyo mwisho, kwa kuwa hapo vipande huanguka kwa kasi ambayo kidole kinachobana kitufe hakiwezi kuifuata. Baadaye wachezaji walibuni namna mpya ya kukishika kidhibiti, wakikigonga mgongoni kwa vidole kadhaa mfululizo. Kwa mbinu hiyo, kijana huyo alifika hatua ya 157.

Tukio hilo liliwakumbusha wengi kwamba michezo ya kale ya video bado ina mambo ambayo hayajagunduliwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Katika miaka ya karibuni, wahakiki wengi wamerejea kwenye mashine za zamani, wakiicheza upya michezo ya miaka ya 1980 na 1990 na kuipima kwa macho ya leo. Taasisi kubwa nazo zimeanza kuihesabu kuwa urithi. Mwaka 2012 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York, MoMA, liliingiza michezo 14 katika hazina yake, na mwaka 2015 Jumba la Makumbusho la The Strong lililoko Rochester, Marekani, liliipa heshima michezo sita ya kwanza, ikiwemo Pong, Pac-Man, Tetris na Super Mario Bros.

Hata hivyo, kuuhakiki mchezo uliotengenezwa miaka 30 au 40 iliyopita ni kazi tofauti na kuuhakiki ule uliotoka wiki hii. Anayeufungua kwa mara ya kwanza leo huona picha za vibox vidogo, husikia milio myembamba, hufa mara kumi katika dakika tano na kuuliza ni kwa nini watu waliupenda. Anayeukumbuka tangu utotoni naye husifu kila kitu, yakiwemo makosa. Wote wawili huweza kukosea. Hukumu zao zina uzito kuliko zinavyoonekana, kwa sababu mchezo unaosahauliwa aghalabu ndio unaopotea.

Mashine ndogo, akili kubwa

Jambo la kwanza linalopaswa kuulizwa ni mchezo ulitengenezwa kwa mashine gani. Mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo ilianza kuuzwa nchini Japani Julai 15, 1983, na ikaingia Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. Picha zake zilijengwa kwa vigae vidogo vya nukta nane kwa nane, na haikuweza kuonyesha zaidi ya vitu vinane vinavyotembea katika mstari mmoja wa kioo. Vilipozidi, baadhi vilianza kupepesa na kutoweka. Mchezaji wa leo akiona adui anapepesa hudhani ni uzembe, kumbe watengenezaji walikuwa wakivipa vitu vingi zamu ya kuonekana kwenye mashine isiyoweza kuvionyesha vyote kwa pamoja.

Mfano mzuri ni Super Mario Bros., uliotoka Septemba 13, 1985, chini ya usimamizi wa Shigeru Miyamoto akisaidiana na Takashi Tezuka, muziki ukiwa wa Koji Kondo. Mchezo mzima, wenye hatua 32, ulikaa katika kilobaiti 40. Picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu ya leo huchukua nafasi kubwa zaidi ya hiyo mara nyingi. Ili kubana nafasi, mawingu ya angani na vichaka vya ardhini vilichorwa kwa umbo moja, tofauti ikiwa rangi tu. Hata sura ya Mario mwenyewe, iliyoanza kuonekana katika Donkey Kong mwaka 1981, ilitokana na uhaba huo. Miyamoto ameeleza kuwa kofia ilimwepusha na kazi ya kuchora nywele zinazopepea, na masharubu yalimwezesha kuonyesha uso bila kuchora mdomo.

Uhaba wa nafasi haukuwa kisingizio cha mchezo kuwa mbaya. Hatua ya kwanza ya Super Mario Bros. bado hutumika kama somo kwa wanaojifunza kubuni michezo. Mchezaji huanza upande wa kushoto wa kioo, mbele yake pakiwa wazi, kwa hiyo anajua kwamba safari ni ya kwenda kulia. Anakutana na adui mmoja anayekuja polepole. Akiguswa anakufa, lakini hajapoteza chochote kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza. Akiruka, hugonga tofali lenye alama ya kuuliza na sarafu hutoka. Uyoga unaotoka katika tofali jingine huteleza kulia, hugonga bomba na kumrudia, hivyo hata anayeuogopa huishia kuugusa na kugundua kwamba unamkuza. Bila neno moja la maelekezo, mchezaji amefundishwa kutembea, kuruka na kutofautisha rafiki na adui. Mhakiki anayeupima mchezo huu kwa uzuri wa picha peke yake huliacha nje jambo lililoufanya uuze zaidi ya nakala milioni 40.

Kioo kilichobadilika

Jambo la pili ni kioo ambacho mchezo ulikusudiwa kuonekana juu yake. Michezo ya wakati huo ilichorwa kwa ajili ya televisheni za chogo, zile zenye mgongo mkubwa na kioo cha kioo kizito. Televisheni hizo hazikuonyesha nukta zenye kingo kali kama skrini bapa za leo. Nukta moja ilimwagikia nyingine kidogo, na wachoraji walilijua jambo hilo na kulitumia.

Katika Sonic the Hedgehog, mchezo wa kampuni ya Sega uliotoka mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa mistari ya wima iliyopishana, mmoja wa maji na mwingine uliobaki wazi. Katika televisheni ya chogo iliyounganishwa kwa waya wa kawaida, mistari hiyo ilichanganyika na maji yakaonekana kama pazia jepesi linaloruhusu kuona nyuma yake. Katika skrini ya leo, mistari ile ile huonekana kama uzio wa fito. Anayesema maporomoko hayo ni mabaya anasema kweli kuhusu skrini yake, ila mchoraji hakuyachora kwa ajili ya skrini hiyo.

Mchezo wa Duck Hunt unaonyesha tatizo hilo kwa ukali zaidi. Mchezaji alielekeza bastola ya plastiki kwenye televisheni na kufyatua ili kumpiga bata. Alipofyatua, kioo kizima kiligeuka cheusi kwa kitambo kidogo mno, kisha mraba mweupe ukatokea mahali bata alipo. Bastola ilikuwa na kihisi mwanga. Ikiuona mraba huo kwa wakati ule ule uliotarajiwa, ilihesabu kuwa risasi imepata. Skrini bapa huchelewa kuonyesha picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ucheleweshaji huo unatosha kuvuruga hesabu yote. Kaseti ikiwa nzima na bastola ikiwa nzima, bata hapigwi kamwe.

Kuna pia suala la kasi, ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulijua. Televisheni za Japani na Marekani zilionyesha picha mara 60 kwa sekunde. Zile za mfumo wa PAL, uliotumika katika sehemu kubwa ya Ulaya na pia Kenya na Tanzania, zilionyesha mara 50. Michezo mingi ilihamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kurekebishwa, hivyo ikaenda polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, na mara nyingi ikawa na utepe mweusi juu na chini ya picha. Kalunguyeye wa buluu wa Sega, ambaye sifa yake kuu ilikuwa mbio, alikimbia kwa mwendo wa chini Ulaya kuliko Marekani, na hata muziki wake ukapungua kasi. Wahakiki wa pande mbili za bahari ya Atlantiki waliandika kuhusu mchezo mmoja, lakini waliouona haukuwa sawa kabisa.

Hukumu zilizopinduliwa

Historia ya uhakiki wa michezo ina mifano ya hukumu zilizogeuka juu chini. Mmojawapo ni EarthBound, uliotungwa na mwandishi wa Japani Shigesato Itoi. Ulitoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, na Marekani mwaka 1995. Ulifika Marekani miezi michache baada ya Donkey Kong Country, mchezo uliowashangaza watu kwa picha zilizoonekana kama sanamu zenye umbo kamili. Kando yake, EarthBound wenye michoro rahisi kama ya kitabu cha katuni ulionekana umepitwa na wakati. Wahakiki wengi waliutazama kwa jicho la dharau, na mauzo yakawa hafifu.

Walioucheza kwa utulivu waliona kitu kingine. Badala ya mashujaa wenye panga na majumba ya wafalme, mchezo ulihusu watoto wa mji wa kawaida, silaha yao ikiwa gongo la besiboli. Mhusika mkuu huweza kushikwa na hamu ya nyumbani katikati ya safari, akapoteza ari ya kupigana hadi atafute simu na kuzungumza na mama yake. Anapopigwa pigo la kuua, namba za uhai wake hushuka polepole kama mita ya umeme, na mchezaji mwepesi anaweza kushinda pambano kabla hazijafika sifuri. Mambo hayo hayaonekani katika picha ya gazeti. Mchezo huo ulipotolewa upya mwaka 2013, mara hii ukifika Ulaya kwa mara ya kwanza, ulipokewa kwa heshima kubwa. Toby Fox, mtunzi wa Undertale ya mwaka 2015, ni miongoni mwa waliokiri kuathiriwa nao.

Mfano wa upande mwingine ni E.T., uliotengenezwa kwa mashine ya Atari 2600 mwishoni mwa mwaka 1982 kutokana na filamu ya Steven Spielberg. Kwa miaka mingi umetajwa kuwa mchezo mbaya kuliko yote, na mara nyingine umetupiwa lawama ya kuangusha biashara nzima ya michezo Marekani mwaka 1983. Mwaka huo Atari ilifukia shehena ya kaseti zisizouzika katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Zilipofukuliwa Aprili 2014, ilibainika kuwa E.T. ulikuwa mmoja tu kati ya michezo mingi iliyozikwa hapo, mingine ikiwa ile iliyowahi kusifiwa.

Ukweli ni kwamba mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa takribani wiki tano tu ili kaseti ziwahi Krismasi, na alifanya kazi kwa mashine yenye kumbukumbu ya baiti 128. Alama zinazotokea juu ya kioo zina maana, na zimeelezwa katika kijitabu kilichofungashwa pamoja na kaseti. Asiyekisoma huanguka mashimoni bila kujua anatafuta nini. Je, hayo yanaufanya kuwa mchezo mzuri? La. Kuanguka ovyo mashimoni huchosha hata kwa anayejua sheria. Lakini kasoro za mchezo mmoja ni jambo moja, na kuanguka kwa soko lililojaa bidhaa nyingi kupita kiasi ni jambo jingine. Uhakiki wa haki hutenganisha mawili hayo.

Si kila cha kale ni dhahabu

Kuuelewa mchezo hakumaanishi kuusamehe kila kosa. Ugumu ni eneo ambalo mapenzi ya utotoni hupofusha watu wengi. Baadhi ya michezo ya zamani ilikuwa migumu kwa sababu ilimfundisha mchezaji subira na ustadi. Mingine ilikuwa migumu kwa sababu za kibiashara. Mwaka 1994 ilitoka michezo iliyotokana na filamu ya The Lion King, ile yenye wahusika waliopewa majina ya Kiswahili kama Simba na Rafiki. Hatua yake ya pili, yenye nyani wanaomrusha Simba huku na huko, iliwaliza watoto wengi. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Westwood Studios iliyoutengeneza, alieleza miaka mingi baadaye kwamba ugumu huo uliongezwa kwa shinikizo la Disney, ili aliyeukodisha kwa siku chache asiumalize na kukosa sababu ya kuununua. Kuusifia ugumu wa namna hiyo kama ustadi wa wabunifu ni kuisifia mbinu ya muuzaji.

Kwa upande mwingine, yapo yanayoonekana makosa na kumbe yana mantiki. Tomb Raider, mchezo wa mwaka 1996 wa kampuni ya Core Design ya Derby, Uingereza, hulaumiwa kwa namna Lara Croft anavyogeuka kizito kama lori. Lakini mahandaki yote ya mchezo huo yamejengwa kwa mafungu ya ukubwa mmoja. Mchezaji husimama ukingoni, huruka nyuma mara moja, hukimbia na kuruka, na hujua hasa atatua wapi. Toleo lililong'arishwa la Februari 2024 liliongeza namna ya kisasa ya kumwendesha Lara, likiacha ya zamani ibaki kwa anayeitaka. Wapo waliojaribu zote mbili wakagundua kwamba mahandaki yaliyopimwa kwa hatua hupitika vizuri zaidi kwa mwendo uliopimwa.

Kumbukumbu za Afrika Mashariki

Swali la jinsi mchezo ulivyokuwa ulipotoka halina jibu moja kwa dunia nzima. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, wakati Famicom ikiwa na umri wa miaka 11. Kwa familia nyingi za mijini katika Afrika, kama ilivyokuwa Asia, Amerika Kusini na Ulaya Mashariki, mashine iliyofika nyumbani haikuwa ya Nintendo bali nakala za bei nafuu zilizotengenezwa Taiwan na China. Kaseti zake ziliandikwa kuwa na mamia au maelfu ya michezo, ilhali ndani yake mlikuwa na michezo michache iliyorudiwa kwa majina tofauti.

Super Mario Bros., Contra na Duck Hunt zilifika hivyo kwa watoto wengi, bila sanduku wala kijitabu cha maelezo, na mara nyingi baada ya kusahauliwa na maduka ya Tokyo na New York. Mchezo uliojifafanua wenyewe kama Super Mario Bros. ulivuka mipaka hiyo kwa urahisi. Uliotegemea kijitabu au maandishi marefu ya Kiingereza ulibaki fumbo. Hicho nacho ni kipimo halali cha ubora, na wahakiki wa nchi tajiri hawakukihitaji.

Kinachopotea

Haya yote yangekuwa mjadala wa starehe tu kama michezo yenyewe ingekuwepo kwa anayetaka kuipima. Hali sivyo ilivyo. Utafiti uliotolewa Julai 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation kwa kushirikiana na Software Preservation Network ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Kwa michezo ya mashine za mkononi za Game Boy, inayopatikana ni chini ya asilimia 6.

Sababu ni nyingi. Kaseti zilizohifadhi maendeleo ya mchezaji, kama The Legend of Zelda, zilitumia betri ndogo ambayo hufa baada ya miaka kadhaa na kufuta kila kilichohifadhiwa. Kapasita za mashine za zamani huvuja na kula bodi. Maduka ya mtandaoni, yaliyoahidi kuwa suluhisho, nayo hufungwa: Nintendo ilifunga duka la Wii Januari 2019, na yale ya Wii U na 3DS Machi 2023. Makampuni yaliyomiliki hakimiliki hufa au huuzwa, na mara nyingine hata mmiliki halali hajulikani. Oktoba 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwawezesha watafiti kuifikia kwa mbali michezo isiyouzwa tena.

Kinachorudi madukani huchaguliwa na wenye mali, nao huchagua kilicho maarufu. Mashine ndogo ya NES Classic ya mwaka 2016 ilikuja na michezo 30, wakati ile ya awali ilikuwa na mamia. Ni mara chache bahati hutokea, kama mwaka 2017, Nintendo ilipoutoa Star Fox 2, mchezo uliosimamishwa katikati ya miaka ya 1990 na kukaa kabatini zaidi ya miaka 20.

Hapo ndipo kazi ya mhakiki hupata uzito wake. Mchezo ulioitwa mbovu mwaka 1995 kwa sababu ya picha zake hauna mtu wa kuutetea anapokufa mwenye hakimiliki, isipokuwa yule aliyeucheza upya, akaeleza mashine yake, kioo chake na kusudi lake, kisha akasema kwa uaminifu kipi bado kinafanya kazi na kipi hakifanyi. EarthBound ulinusurika kwa sababu wapo wachache waliokataa kuinyamazia hukumu ya kwanza. Kwa mingine mingi, nakala iliyobaki imo katika kabati la mtu binafsi, betri ikiendelea kuisha, ikingoja kupewa nafasi ya kusikilizwa mara ya pili.